Faiawoli ya Ami: Usimbaji Dhaifu na Jinsi Tulivyouondoa



Mwanafunzi yeyote wa kwetu akifika Hamriya kwa mara ya kwanza hufanya kosa moja, na mimi nililifanya. Wiki yangu ya pili hapa niliingia duka la vitambaa na mwenzangu wa Tanga, tukawa tunasemezana kwa Kiswahili mbele ya mwenye duka, mzee wa Kiomani na kofia yake ya nakshi, kwamba bei yake ni ya kutunyonya na tujifanye tunaondoka. Mzee katusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa Kiswahili safi cha Unguja kuliko changu, "Haya ondokeni wanangu, lakini mkirudi bei ni ile ile." Tulitamani ardhi itumeze. Mji huu umejaa watu waliozaliwa Zanzibar na Mombasa, au ambao wazazi wao walizaliwa huko. Wengi waliingia baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kiswahili hapa si lugha ya siri hata kidogo.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu usimbaji dhaifu ndivyo ulivyo. Asiye na siri kabisa anajua hana, atachunga mdomo. Mwenye siri dhaifu anasema yote, akidhani haeleweki.

Ami yangu ana ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo hapa Hamriya, juu ya duka la simu. Ni mapipa na maboksi ya kwenda Mombasa, Dar na Unguja. Wateja wake ni dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, mafundi, madereva. Kila mmoja anaacha nakala ya pasipoti au kitambulisho cha ukaazi, namba ya simu, na jina la mama au mume atakayepokea kule na nyumba yake iko wapi. Yote hayo yamo kwenye seva moja chini ya meza. Mwaka jana alianza kupokea malipo kwa kadi, na benki ikamtaka afuate masharti ya PCI DSS, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa kadi. Sharti moja ni ofisi kupigwa skani kutoka nje kila miezi mitatu. Kasoro ikipewa alama 4.0 au zaidi kati ya 10, kwa kawaida umeanguka.

Ami akaanguka, akapewa siku 30. Akanipigia simu. "Wewe si injinia? Njoo usome makaratasi haya." Nikamwambia, shikamoo ami, mimi nasomea mawimbi na mawasiliano ya redio, si faiawoli. "Marahaba. Njoo." Kwa wazee injinia ni injinia tu.

Faiawoli ni kile kisanduku kinachokaa kati ya ofisi na intaneti, mithili ya bawabu. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kufunga na kufungua milango basi. Lakini cha ami kilikuwa na kazi tatu nyingine: kilikuwa na ukurasa wake wa usimamizi unaofunguliwa kwa brauza, kilimpa wakala wa Dar njia ya kuingia kwenye orodha ya mizigo, na kilishika handaki la VPN kati ya Hamriya na ofisi ya Mombasa. Kote huko kinazungumza kwa mafumbo, na mafumbo yenyewe yalikuwa ya zamani. Ripoti ilitaja SSL 3.0, TLS 1.0, RC4, 3DES, cheti chenye ufunguo wa biti 1024, na kitu kinachoitwa "aggressive mode" kwenye VPN.

Tuyafumbue. Waliokulia pwani wanakijua kinyume: unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, pesa inakuwa sape, kitabu bukita. Huo ni usimbaji, ila hauna ufunguo. Akishajua mbinu, amekwisha jua yote. Usimbaji wa kweli mbinu yake iko wazi duniani, siri ni ufunguo peke yake, na nguvu yake ni wingi wa funguo ambazo mwizi atalazimika kujaribu. Ufunguo wa biti 40 una uwezekano kama trilioni 1.1. Inaonekana nyingi, lakini kwa kompyuta ni kazi ndogo. DES ya mwaka 1977 ilikuwa na biti 56, mara 65,536 zaidi ya hapo, na bado mwaka 1998 shirika la EFF la Marekani lilitengeneza mashine ya chini ya dola 250,000 ikaufungua kwa saa 56. AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili na kupitishwa mwaka 2001, inaanzia biti 128.

Kwa nini basi mafumbo mabovu bado yapo? Sehemu ni siasa. Miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kuuza nje usimbaji wenye nguvu, hivyo sisi wa "nje" tulitengenezewa toleo hafifu la biti 40. Sheria ikalegezwa, lakini toleo hafifu likabaki ndani ya programu, na mwaka 2015 watafiti wakaonyesha kwa shambulio la FREAK kwamba mtu wa katikati anaweza kuzilazimisha pande mbili zirudi kwenye hilo hilo. Tuliuziwa kufuli la mtumba, nalo likaja kuwaibia hata wenye kiwanda.

Sehemu nyingine ni namna maafikiano yanavyokwenda. Brauza ikifika inasema, mimi najua mafumbo haya na haya. Upande wa pili unachagua moja. Kama orodha ina zuri na bovu, kawaida litachaguliwa zuri, na ndiyo maana watu husema "mbona kwangu inaonyesha kufuli". Tatizo ni mwenye nia mbaya aliyekaa katikati, tuseme kwenye wayalesi ya mkahawa, akivuruga maafikiano mpaka pande mbili zishuke ngazi. POODLE ya Oktoba 2014 ilifanya hivyo kwa SSL 3.0. RC4 ilipigwa marufuku kwenye TLS mwaka 2015. 3DES ilipata pigo lake mwaka 2016 kwa shambulio la Sweet32, kwa sababu inakata ujumbe vipande vidogo vya biti 64, na mazungumzo yakiwa marefu mno vipande vinaanza kufanana. TLS 1.0 na 1.1 zilizikwa rasmi Machi 2021. Kwa hiyo dawa si kuongeza fumbo zuri tu. Lazima uondoe mabovu yasiwepo kabisa.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Jioni hiyo hiyo niliingia ukurasa wa usimamizi, nikazima SSL 3.0, nikazima TLS 1.0, nikabofya kuhifadhi. Ukurasa ukakatika haukurudi tena. Kumbe programu ya ndani ya kile kisanduku ilikuwa ya zamani kiasi kwamba haikujua kitu zaidi ya TLS 1.0! Nilikuwa nimekata tawi nililokalia. Ami yuko nyuma yangu anakunywa chai, ananiuliza, "Vipi, imepona?" Nikamwambia bado kidogo.

Ilinibidi nitafute waya wa konsoli, ule wa bluu unaochomekwa moja kwa moja kwenye kifaa bila kupitia mtandao. Nikazunguka maduka ya Ruwi mpaka nikaupata kwa mzee mmoja wa Kihindi, chini ya lundo la chaja. Nikaingia, nikarudisha TLS 1.0 kwa muda, nikaanza upya kwa utaratibu ambao ningeufuata mwanzo kama ningekuwa na akili: kwanza nakala ya akiba ya mipangilio yote kwenye flashi, pili kupandisha toleo la programu ya ndani, tatu kuhakikisha TLS 1.2 inafanya kazi, ndipo kuzima ya zamani. Nikabakisha mafumbo ya ECDHE na AES-GCM peke yake. Hiyo ECDHE ina faida yake: kila mazungumzo yanapata ufunguo wa muda unaotupwa baadaye, hivyo hata mwizi akirekodi leo na kuiba ufunguo wa seva mwakani, ya leo hayafunguki. Kwa ofisi yenye nakala za pasipoti si jambo dogo, maana pasipoti inaishi miaka. Cheti nacho kikabadilishwa, ufunguo biti 2048, sahihi ya SHA-256.

Na ukurasa wa usimamizi? Hapo usimbaji si jibu lenyewe. Ukurasa ule haukuwa na sababu yoyote ya kuonekana kutoka nje. Nikaufunga upande wa intaneti, sasa unafunguka kutoka ndani ya ofisi tu. Ripoti nyingi za skani zinapona nusu kwa hatua hii moja, na haina gharama.

VPN ya Mombasa ilinipa kazi zaidi. Ile "aggressive mode" ni njia ya mkato ya kuanza mazungumzo kwenye IKE ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba mtu yeyote akibisha hodi na kutaja jina linalokubalika, faiawoli inamjibu kwa ujumbe uliokokotolewa kutokana na neno la siri la pamoja. Anauchukua, anakwenda nao nyumbani, anabahatisha maneno kwa nafasi yake, wala hakuna anayemwona. Na neno lenyewe, naomba msicheke, lilikuwa jina la kampuni na mwaka ilipofunguliwa. Limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, mwaka na yote.

Lakini aliyeiwasha hakuwa mjinga. Mombasa wanatumia intaneti ambayo anwani yake inabadilika badilika, na kwenye IKE ya kwanza, kama mnatumia neno la siri, njia ndefu inamtambua mwenzako kwa anwani yake. Anwani ikibadilika, hamfahamiani. Mkato ulikuwa ndiyo njia pekee aliyoijua. Siku hizi ipo IKEv2, iliyotoka mwaka 2005, ambayo inakubali kumtambua mtu kwa jina aliloandikishwa, tena anayebisha hodi ndiye anayejithibitisha kwanza kabla ya kupewa chochote. Tukahamia huko: AES ya biti 256, SHA-256, na "group 14" ya biti 2048 badala ya "group 2" ya biti 1024, ambayo watafiti walionya mwaka 2015 kwamba serikali kubwa huenda zina uwezo wa kuivunja. Pande zote mbili lazima zibadilike pamoja, la sivyo handaki linakatika. Tukapatana na kijana wa Mombasa saa tatu usiku ya hapa, saa mbili ya kwao. Neno jipya la siri la herufi 40 niliomba lisitumwe kwa barua pepe wala meseji; nilimsomea kwa simu, herufi moja moja, akanisomea. Ilichukua dakika kumi na matusi kidogo.

Nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi simu ya Dar. Wakala hafungui orodha ya mizigo, na kontena limekwishaingia bandarini, watu wamejaa mlangoni na risiti zao. Nikamuuliza anatumia kompyuta gani. Windows XP. (Wataalamu wetu wa lugha wangesema tarakilishi, ile ilistahili kuitwa marehemu.) Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Brauza yake haipandi juu ya TLS 1.0 na haiijui AES. Inajua RC4 na 3DES. Hapo nikaelewa ripoti yote. Mafumbo mabovu hayakuachwa kwa uzembe. Yaliachwa kwa ajili ya kompyuta moja ya Kariakoo.

Ami akasema rudisha. Nikakataa. Ndugu zangu, kumkatalia ami si mchezo, hasa ukiwa unakula kwake kila Ijumaa. Akaniambia, "Watu wangu wanangoja mizigo yao, wewe unaniletea habari za mafumbo." Nikamwambia watu hao hao ndio ambao pasipoti zao zimo mle ndani. Yule binti wa Iringa akiibiwa pasipoti yake kwa nakala, akafunguliwa laini ya simu au deni kwa jina lake, atamlilia nani? Akanyamaza muda. Akasema, "Basi tafuta njia, lakini kontena lisilale."

Njia ilikuwa mfukoni mwa wakala mwenyewe: simu yake, ambayo brauza yake ni ya kisasa. Akafungua orodha kwenye simu, akasoma majina kwa sauti, mwenzake akanakili kwa kalamu kwenye daftari. Ilichukua mpaka jioni, na kuna boksi moja lilikwenda kwa Mwanaisha asiye lake, likarudi kesho yake. Niliwaza kuweka Firefox 52 kwenye ile XP, maana inaifahamu TLS 1.2, lakini nayo haijapata marekebisho tangu 2018, ungekuwa unashona kiraka juu ya kiraka. Wiki mbili baadaye ami alituma pesa, wakanunua kompyuta iliyotumika huko huko Kariakoo.

Mkitaka kujaribu kwenu, programu ya nmap ina hati iitwayo ssl-enum-ciphers inayoorodhesha mafumbo yote yanayokubaliwa na kuyapa daraja, na ike-scan itakuonyesha kama VPN inakubali mkato. Zote ni za bure. Ila zipige kwenye vifaa vyako au ulivyoruhusiwa kwa maandishi. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2011, Tanzania 2015, Kenya 2018, na mwanafunzi anayechungulia mtandao wa bweni kwa kujifurahisha hana cha kujitetea, tena na viza juu.

Skani ya pili ilipigwa siku ya 27. Ilipita, isipokuwa mstari mmoja wa alama 2.6 kuhusu kinasa picha cha kamera ya stoo, ambacho nimeahidi kukishughulikia Ijumaa hii baada ya kula. Waya wa konsoli bado ninao kwenye begi. Aliyeko Maskati akiuhitaji anitafute, ila aurudishe.