Oveni Isiyopata Moto: Kuifuata Njia ya Umeme Hadi Kwenye Koili

Oveni ya umeme ina mambo machache kuliko inavyoonekana. Nyuma ya kioo na swichi zake za kung'aa mna koili mbili au tatu, swichi ya kuchagua koili ipi iwake, thamostati ya kudhibiti joto, na nyaya za kuviunganisha. Kila koili ni waya mwembamba wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Waya huo husokotwa na kuingizwa ndani ya bomba la chuma, kisha bomba hushindiliwa unga wa oksidi ya magnesi. Waya hupata moto kwa sababu huukinza umeme. Unga hupitisha joto kwenda nje lakini huzuia umeme usiguse bomba. Oveni ikikataa kupata moto, basi njia ya umeme kutoka ukutani hadi kwenye waya ule imekatika mahali fulani, au umeme unafika ukiwa dhaifu. Kuitengeneza ni kuifuata njia hiyo toka mwanzo. Wengi huanzia mwisho: koili inanunuliwa, inafungwa, na oveni inabaki baridi vilevile, kwa sababu koili ya zamani ilikuwa nzima.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni saa ya oveni. Majiko mengi ya bei ya kati yana swichi ya kuzungusha yenye dakika, na ikiachwa kwenye 0 koili hazipewi umeme hata kama taa ya ndani inawaka. Inatakiwa izungushiwe dakika, au iwekwe kwenye alama ya mkono inayoruhusu oveni kufanya kazi bila saa. Kwenye oveni zenye saa ya tarakimu, umeme ukikatika na kurudi tarakimu hupepesa, na nyingine hujifunga mpaka saa ipangwe upya au alama ya mkono ibonyezwe. Katika mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara, kosa hili ndilo la kushukiwa kabla ya yote, na halihitaji bisibisi.

Baada ya saa ni ukuta. Plagi ya miguu mitatu iliyozoeleka Kenya na Tanzania ina fyuzi ya ampea 13, yaani kwa volti 230 inaweza kubeba takriban wati 3,000. Jiko la gesi lenye oveni ya wati 2,000 linatosha hapo. Jiko lenye sahani za umeme juu na oveni chini halitoshi. Linahitaji laini yake lenyewe kutoka kwenye sakiti breka, pamoja na swichi kubwa ya jiko ukutani. Fyuzi ya plagi hukaguliwa kwa kuibadilisha na nyingine ya ukubwa uleule. Plagi yenyewe nayo ina habari zake: mguu uliogeuka rangi ya kahawia, plastiki iliyolainika au harufu ya kuungua huonyesha kuwa soketi imelegea. Dawa yake ni soketi mpya. Kusugua miguu ya plagi kwa msasa hakusaidii kwa muda mrefu.

Majiko yanayoingizwa kutoka nje huja pia na plagi za miguu miwili ya mviringo, na hapo ndipo ile kalamu ya wino huingia kazini: tundu la juu la soketi linasukumwa kwa kalamu ili matundu mawili ya chini yafunguke, na plagi inaingia. Oveni inawaka, lakini waya wa ardhi haujaunganishwa popote. Siku koili ikipasuka na kugusa bomba lake, mwili mzima wa jiko unakuwa na umeme, na hakuna cha kuukata. Plagi kama hiyo ikatwe, ifungwe ya miguu mitatu: waya wa kahawia kwenye mguu wa fyuzi, wa buluu mkabala wake, na wenye kijani na njano kwenye mguu mrefu wa juu.

Oveni inayopata moto kidogo tu, keki ikakaa saa nzima bila kuiva, pengine haina ubovu wowote. Nguvu ya koili hufuata volti kwa kipeo cha pili. Koili ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipewa volti 180 saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha vitu, hutoa kama wati 1,200 tu. Waya mrefu na mwembamba wa ekstensheni huzidisha upungufu huo, tena wenyewe hupata moto. Ikiwa oveni inaoka vizuri asubuhi na kushindwa jioni, tatizo liko kwenye laini, na hakuna kipuri dukani kitakacholiponya.

Kuna kipimo kimoja rahisi kabla ya kufungua chochote. Mita za malipo ya kabla, LUKU na nyingine za aina yake, huwa na taa ndogo nyekundu inayopepesa kulingana na umeme unaotumika. Vitu vyote vya nyumbani vikizimwa, friji pamoja na pasi, kisha oveni ikawashwa kwenye joto la juu, taa ile inapaswa kupepesa haraka haraka. Ikiendelea kusinzia, koili hazipati umeme. Oveni ikiwashwa kwa koili ya juu peke yake, halafu ya chini peke yake, hujulikana pia ni ipi iliyogoma.

Kufungua ni kazi ya jiko lisilo na umeme kabisa. Plagi ichomolewe, au breka izimwe kama jiko limeungwa moja kwa moja ukutani, na tesa ithibitishe. Swichi ya soketi peke yake isiaminiwe, kwani katika nyumba nyingi nyaya zimefungwa kinyume na swichi hukata waya usio na umeme. Kama jiko linatumia gesi pia, mtungi ufungwe kabla ya kulivuta kutoka ukutani. Jambo jingine: haya yote yanahusu oveni ya kawaida. Maikrowevu haiguswi na asiye fundi, kwa kuwa kapasita yake huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Bati la nyuma likitoka, macho yatangulie mikono. Mara nyingi ubovu unaonekana wazi: kiungio cha waya kwenye ncha ya koili kimelegea, kikapata moto, kikawa cheusi na kumomonyoka kama mkaa, huku koili yenyewe ikiwa salama. Kiungio hicho hukatwa, waya ukachunwa hadi kwenye shaba safi, na kingine cha chuma kikabanwa kwa koleo la viungio. Risasi ya kulehemu haifai hapo, kwa sababu ile ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Utepe wa kuhami na waya wa kawaida wa nyumba navyo havifai, maana plastiki yake imekusudiwa nyuzi 70 tu. Waya unaostahili ni ule wenye ganda la nyuzi za kioo au silikoni, na maduka ya vipuri vya majiko huuza kwa mita.

Viungio vikiwa vizima, multimita ndiyo yenye neno la mwisho. Waya mmoja wa koili huchomolewa kwanza, la sivyo mita itasoma njia nyingine. Koili ya wati 2,000 kwa volti 230 inapaswa kuonyesha takriban omu 26, na ya wati 1,000 takriban 53. Mita isipoonyesha njia kabisa, waya wa ndani umekatika. Kisha ncha moja ya mita huwekwa kwenye ncha ya koili na nyingine kwenye bomba lake. Hapo hapatakiwi njia yoyote. Ikiwepo, ndiyo sababu breka inaruka kila oveni inapowashwa.

Hapo wakazi wa pwani wana kisa chao. Unga wa magnesi hunyonya unyevu, na oveni iliyokaa miezi bila kutumika Zanzibar au Mombasa inaweza kuangusha breka ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja, ingawa koili haijapasuka. Koili kama hiyo hutolewa, ikakaushwa taratibu ndani ya oveni nyingine kwa saa kadhaa, na ikipimwa tena hukutwa imepona. Kuiondoa hiyo breka ili oveni iwake ni kuondoa kinga, na oveni inabaki mbovu.

Koili iliyokufa haitengenezwi, hubadilishwa. Nyaya zipigwe picha kwa simu kabla ya kuchomolewa. Katika oveni nyingi koili hushikiliwa na skrubu mbili ukutani mwa ndani, na huvutwa mbele polepole. Kibanio cha nguo kikibanwa kwenye nyaya huzizuia zisitumbukie nyuma ya ukuta. Koili ya zamani ndiyo ya kwenda nayo dukani, kwa kuwa umbo, nafasi ya skrubu na wati zilizogongwa kwenye bomba vyote ni lazima vilingane. Mpya ikishafungwa, oveni huwashwa tupu kwa nusu saa, madirisha wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue.

Koili zikiwa nzima zote na hakuna hata moja inayowaka, shaka inahamia kwenye thamostati. Ile ya kawaida ina kijibomba chembamba cha shaba kinachoingia ndani ya oveni na kuishia kwenye kidole cha chuma chenye kimiminika. Kimiminika kikipata joto hutanuka na kuachanisha swichi. Mita ikiwekwa kwenye ncha zake mbili, oveni ikiwa baridi na swichi imezungushwa hadi 200, njia inapaswa kuonekana. Isipoonekana, thamostati imekufa. Kidole kikiwa kimeanguka juu ya koili, thamostati hudanganyika na kukata mapema. Hapo ni kukirudisha kwenye vishikizo vyake tu.

Joto hupotea pia kwa njia zisizo za umeme. Karatasi ikifungiwa mlangoni na kuvutika bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Karatasi ya alumini iliyotandikwa chini ili kukinga mafuta huziba koili ya chini na kuichosha.

Oveni ya gesi ina desturi yake. Ikiwaka na kuzima mara swichi inapoachiwa, kwa kawaida tatizo ni kihisio cha moto, kijiti cha chuma kilicho kando ya kichomeo. Kikipashwa moto hutoa umeme mdogo, milivolti 20 au 30, unaoshikilia vali wazi. Kabla ya kukilaumu, swichi ishikiliwe ndani kwa sekunde 10 hadi 20 ili kipate joto. Kisha masizi yafutwe kwa msasa laini na ncha ielekezwe ndani ya mwali. Mwali wa njano unaotoa masizi huonyesha kichomeo kilichoziba, au jeti za gesi ya bomba zilizoachwa kwenye jiko linalotumia mtungi. Jeti zibadilishwe na fundi wa gesi, na kila kiungio kilichoguswa kipakwe povu la sabuni, mtungi ukiwa wazi na vichomeo vyote vimefungwa, hadi ionekane kuwa hakuna kiputo kinachochomoza.