Kupunguza Chumvi Kidogo Kidogo
Shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa, huweza kupanda kwa anayekula chumvi nyingi, kwa kuwa madini ya sodiamu yaliyomo huufanya mwili uhifadhi maji na kuongeza ujazo wa damu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofikia kijiko kimoja cha chai. Kwa vile ulimi huzoea ladha mpya baada ya wiki kadhaa, inafaa kuanza kwa kuondoa chumvi mezani, kisha kupunguza taratibu ile ya kupikia, huku ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vikikoleza mchuzi; hata hivyo, anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziache bila ushauri wa daktari.