Sinema za siku hizi: nani anaonekana, nani haonekani?



Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kitu kikipita mbele yake, macho hukiona, kiwe chema, kiwe kibaya. Ndiyo sababu sinema ina nguvu kupita kitabu. Kitabu chahitaji mtu aliyejifunza kusoma, lakini picha zinazotembea huingia rohoni mwa mkubwa na mdogo, mwenye elimu na asiye nayo, bila kubisha hodi.

Wazee wetu wanazikumbuka filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, ambazo Padre Albert Van Haelst alizitengeneza huku Kongo katika miaka ya 1950. Siku hizo kutazama sinema kulikuwa jambo la watu wengi pamoja. Waliketi mbele ya kitambaa cheupe, wakacheka pamoja, na kesho yake wakazungumza juu ya mambo waliyoyaona. Leo mambo yamegeuka. Majumba mengi ya sinema ya miji yetu yamekwisha kufungwa, na mengine yamekuwa nyumba za sala. Hata hivyo sinema yenyewe haikufa. Imehamia katika vibanda vya video, katika televisheni ya sebuleni, na katika simu iliyo mkononi mwa mwanafunzi. Mtoto aweza kutazama filamu tatu kwa siku moja, peke yake, wala asiwepo mtu wa kumwuliza ameona nini.

Mimi si mtaalamu wa filamu. Ni mtazamaji wa kawaida, kama wengi wenu. Lakini nimejizoeza kujiuliza swali moja kila filamu inapokwisha: imenionyesha nani, na imemwacha nani nje? Nitalitumia swali hilo kwa filamu nne za miaka hii, ambazo tatu kati yake zimetazamwa na dunia nzima.

Nchi ambayo haimo katika ramani

Ya kwanza ni Black Panther, iliyotolewa mwaka 2018 na kuongozwa na Ryan Coogler, Mmarekani mweusi. Inasimulia habari za Wakanda, ufalme wa Kiafrika uliojificha kati ya milima. Watu wake wana madini ya ajabu yaitwayo vibranium, na kwa madini hayo wamejenga mji wenye treni zipaazo na matabibu wasioshindwa na jeraha. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka 2019 Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yake, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya mavazi.

Mimi naisifu. Kwa miaka mingi mtoto wetu alipomwona Mwafrika katika filamu kubwa, alimwona amebeba mzigo wa mwingine, au anakimbia, au anakufa mapema. Hapa amemwona akitawala kwa busara, akivumbua vyombo, akiheshimu wazee wake. Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme, alifariki mwaka 2020 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 43. Filamu ya pili, Wakanda Forever ya mwaka 2022, yaanza kwa kilio cha msiba wake. Hakuna mzazi aliyepata kufiwa ambaye hataguswa na huzuni ya yule mama malkia, aliyeigizwa na Angela Bassett.

Lakini tusisahau jambo moja. Wakanda haipo. Utajiri wake ulibaki salama kwa sababu wageni hawakujua kama upo. Waulize vijana juu ya vibranium, nao watakueleza kila kitu: rangi yake, nguvu zake, na vita vilivyopigwa kwa ajili yake. Kisha waulize vijana hao hao juu ya Shinkolobwe, uone ni wangapi watakaojibu.

Gololi katika bakuli

Neno hilo latufikisha kwenye filamu ya pili, Oppenheimer, ya Christopher Nolan, iliyotolewa mwaka 2023. Inasimulia maisha ya J. Robert Oppenheimer, mtaalamu wa fizikia aliyeongoza kazi ya kutengeneza bomu la kwanza la atomiki huko Los Alamos, Marekani. Ina urefu wa saa tatu, nayo ilipata tuzo saba za Oscar mwaka 2024, mojawapo ikimwendea Cillian Murphy aliyemwigiza Oppenheimer.

Ni filamu yenye uzito. Yatuonyesha mtu mwenye akili nyingi ambaye, baada ya kufanikiwa, anaiogopa kazi ya mikono yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyefikia madarasa ya juu atafaidika akiitazama, kwa maana itamfundisha kwamba elimu pasipo dhamiri yaweza kuangamiza miji. Lakini si filamu ya watoto, na wazazi wajue kwamba yana mambo ya ndani ya watu wazima yasiyowafaa wadogo.

Kuna mahali katika filamu ambapo zatumika gololi za kioo. Kila gololi itiwayo katika bakuli yahesabu kiasi cha madini yaliyokwisha kupatikana kwa ajili ya bomu. Gololi zaongezeka kidogo kidogo, na mtazamaji wa Kongo angoja kuambiwa madini hayo yatoka wapi. Saa tatu zapita, filamu yaisha, wala hakuambiwa.

Basi na tuseme sisi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilitoka Katanga, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita yote yaliyojulikana. Mengine yalifikia kiasi cha asilimia 65, hali mawe ya Marekani yenyewe hayakufika hata asilimia moja. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, zikawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua, na kuagiza nyingine zaidi. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa siri. Bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani.

Mawe hayo yalichimbwa na Wakongomani. Baba zetu na babu zetu waliyatoa ardhini na kuyachagua kwa mikono. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Miaka mingi baadaye watu maskini waliingia tena kuchimba kobalti kwa majembe, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji. Katika filamu hiyo huoni mtu mmoja wa Katanga, wala huwaoni watu wa Hiroshima walioungua. Wamebaki wenye kufikiri tu. Wenye kuchimba na wenye kufa wameachwa nje. Simlaumu mtu kwa kusimulia habari za mtu mmoja. Lakini mtazamaji wetu na ajue kwamba mlango ulifungwa, na kwamba jamaa zake walikuwa upande wa nje.

Msichana wa mbali aliye karibu

Filamu ya tatu yaweza kukushangaza. Ni Inside Out 2, filamu ya katuni ya kampuni ya Pixar, iliyotolewa mwaka 2024. Haina Mwafrika wa kusimuliwa habari zake. Inamhusu Riley, msichana wa Marekani mwenye miaka 13, anayecheza mpira wa magongo juu ya barafu, mchezo ambao watoto wetu wengi hawajapata kuuona. Ndani ya kichwa chake Furaha, Huzuni, Hasira na wenzao wanaishi kama watu. Siku moja wanafika wageni: Wasiwasi, Wivu, Haya, na mwingine ambaye kila jambo lamchosha. Wasiwasi anawafukuza wa zamani na kushika usukani, na msichana yule anaanza kuamini kwamba yeye si kitu. Mwisho moyo wamwenda mbio, pumzi zampungukia katikati ya mchezo.

Wazazi, mtoto huyo hamumjui? Ndiye binti anayenyamaza ghafula mezani. Ndiye kijana ambaye usiku kabla ya mtihani wa serikali hapati usingizi, naye hamwambii mtu. Sisi huwa tunasema, "Amekuwa na kiburi." Filamu yatuambia kwamba huenda ana hofu. Hapa mtu wa mbali ametuonyesha mtoto wetu wenyewe, hali filamu iliyohusu mawe ya ardhi yetu haikutuonyesha kabisa. Hii ndiyo ninayowashauri kuitazama pamoja nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Mtoto wa Lubumbashi

Ya nne haikupata mabilioni. Inaitwa Augure, nayo ni ya mwaka 2023. Aliyeitengeneza ni Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kulelewa Ubelgiji. Huko Cannes, Ufaransa, ilipewa tuzo ya sauti mpya. Yamsimulia Koffi, anayerudi Kongo baada ya miaka mingi pamoja na mchumba wake Mzungu, kuleta mahari. Kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo, jamaa zake wamemhesabu mchawi tangu utoto. Anapompakata mtoto mchanga wa dada yake, damu yamtoka puani na kumdondokea mtoto, na nyumba nzima yaingiwa na hofu.

Si filamu rahisi. Ina ndoto na mafumbo mengi, wala sishauri kuwapa wadogo. Lakini je, kuna mtaa wa miji yetu usiojua habari za mtoto aliyesingiziwa uchawi akatupwa njiani? Mtengenezaji huyo mwenyewe amechukua tangu kuzaliwa jina linalofanana na neno letu "walozi", naye amesema waziwazi jambo tunalonong'ona.

Basi tufanyeje?

Sisemi tuwanyime watoto filamu za wageni. Aliyetazama Wakanda amepata heshima, na aliyemtazama Riley amepata huruma. Nasema tusiwaache peke yao na kile kioo kidogo. Filamu ikiisha, ulizeni mambo matatu: Ni nani aliyeonyeshwa? Ni nani aliyefanya kazi wala hakuonyeshwa? Na sisi tungesimuliaje habari hiyo? Mwalimu aweza kuyauliza darasani, na baba aweza kuyauliza wakati wa chakula.

Huko Likasi na Lubumbashi wako bado wazee ambao baba zao walifanya kazi migodini. Wanafunzi, chukueni daftari, nendeni mkawaulize kabla hawajaondoka. Siku moja mmoja wenu atashika kamera, naye atahitaji kujua gololi zile zilitoka wapi.