Kutengeneza Boti Kuukuu ya Faiba Nyumbani Wakati wa Baridi

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi Naivasha. Ziwa letu liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Asubuhi nyasi huwa zimelowa umande, na jua huchelewa kushika nguvu. Hata hivyo, mvuvi au mwendeshaji wa boti ambaye chombo chake kimepasuka hawezi kungoja jua la Januari. Karo inadaiwa na nyumbani panahitaji chakula. Wengi huivuta boti hadi uani, wakanunua resini na kitambaa cha faiba, wakaitengeneza wenyewe.

Kazi hii inawezekana kabisa. Lakini baridi hubadilisha namna ya kuifanya, na asiyejua hilo huweza kubandika kiraka kinachoonekana kizuri nchi kavu, kisha kikaachia katikati ya ziwa wakati upepo wa alasiri umeanza na kuna watu ndani. Makala hii inaeleza jinsi ya kuifanya kazi kwa usalama.

Resini haikauki, inaiva

Watu wengi hudhani resini hukauka kama rangi. Sivyo. Rangi hukauka maji au thina inapotoka. Resini ya poliesta, ambayo ndiyo hutumika kwa boti nyingi za faiba, huwa ngumu kwa sababu ya mabadiliko ya kikemikali yanayoanza inapochanganywa na hadena. Mabadiliko hayo yanahitaji joto, kama vile uji unavyohitaji moto ili uive.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 18 na 25. Likipungua kwa nyuzi 10, muda wa kuiva huongezeka takriban mara mbili. Chini ya nyuzi 15 kazi huwa ya mashaka, na chini ya nyuzi 10 resini huweza kusimama kabisa kabla haijaiva. Baya zaidi ni kwamba resini iliyoiva nusu huonekana ngumu ukiigusa. Udhaifu wake hujitokeza baadaye: hufyonza maji, hulegea na hatimaye huachana na faiba ya zamani.

Kwanza, boti yenyewe inafaa kutengenezwa?

Kabla ya kununua chochote, kagua boti yote. Chukua mpini wa nyundo na ugonge polepole kutoka omo hadi tezi. Faiba nzima hutoa sauti kali na safi. Pahali palipooza au palipoachana hutoa sauti nzito, kama kugonga kadibodi. Weka alama kwa chaki.

Chunguza hasa sehemu tatu. Ya kwanza ni ubao wa nyuma unaobeba injini. Boti nyingi zina mbao ndani ya faiba mahali hapo, na maji yakiingia kupitia matundu ya skrubu mbao huoza bila kuonekana. Ya pili ni mbao za chini zinazoshikilia sakafu. Ya tatu ni povu lililo chini ya viti, ambalo huifanya boti ielee hata ikijaa maji. Povu lililolowa halielei tena, bali huongeza uzito.

Mpasuko au tundu la chini, kwa mfano kwa kugonga kisiki cha mgunga uliozama ziwa lilipopanda, ni kazi ya mtu mwangalifu nyumbani. Ubao wa nyuma uliooza au mbao za sakafu zilizolegea ni kazi ya fundi mzoefu. Usione haya kumwita.

Kausha kabla ya kubandika

Resini haishiki faiba iliyolowa. Boti iliyokaa majini miaka mingi hubeba unyevu ndani, na haitoshi kuipangusa kwa kitambaa. Inue juu ya magogo au matofali ili hewa ipite chini, iezeke kwa turubai juu tu, na uiache wiki mbili au zaidi.

Kujua kama imekauka, bandika kipande cha karatasi ya plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache kwa saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, bado kuna unyevu. Endelea kungoja.

Kusafisha na kuchonga

Osha mahali pa kazi kwa maji na sabuni, pakikauka pangusa kwa asetoni. Fanya hivi kabla ya kupiga msasa, kwa sababu nta na mafuta yaliyo juu yakisagwa na msasa huingia ndani na kuzuia kiraka kushika.

Kisha chonga ukingo wa tundu kwa msasa mkali, namba 36 au 40, uwe mteremko mrefu na sio ukuta. Kipimo cha kawaida kwa sehemu ya chini ya maji ni 12 kwa 1. Ikiwa faiba ina unene wa milimita 5, mteremko uwe sentimita 6 kila upande. Kwa hiyo tundu la sentimita 10 litahitaji kiraka cha sentimita 22. Wengi huona hapo ni kuharibu sehemu nzima ya boti. Lakini mteremko huo ndio unaokipa kiraka pahali pa kushika.

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu na macho. Vaa nguo za mikono mirefu, miwani ya kazi, glavu na maski. Watoto na mifugo wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Saa za kufanya kazi

Wakati wa baridi, saa ndizo dawa. Usianze alfajiri wakati umande haujaisha. Anza saa nne asubuhi, boti ikiwa imeshapata jua, na umalize kubandika ifikapo saa saba mchana. Hivyo kiraka kitapata saa kadhaa za joto kabla ya jioni. Kiraka kilichobandikwa saa kumi jioni hukutwa na baridi kikiwa bado kibichi.

Turubai jeusi lililotandikwa juu ya boti asubuhi huvuta joto la jua na kusaidia kuipasha faiba. Liondoe unapoanza kazi ili hewa ipite. Resini ikiwa nzito kwa baridi, weka kopo lake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa muda kabla ya kutia hadena. Maji hayo yapashwe jikoni kisha yaletwe. Kopo lisipelekwe karibu na moto.

Kipimo cha hadena

Fuata maelezo ya kwenye kopo. Kwa kawaida hadena ni kati ya asilimia 1 na 2. Siku ya joto la nyuzi 25, asilimia 1 inatosha, yaani takriban mililita 10 kwa kilo moja ya resini. Siku ya baridi unaweza kukaribia asilimia 2, yaani mililita 20. Pima kwa bomba la sindano la kununua kwenye duka la dawa, wala si kwa kifuniko cha chupa.

Usidhani kuongeza hadena kupita kiasi kutashinda baridi. Ikizidi, resini huwa dhaifu na yenye kuvunjika, na mchanganyiko mwingi ndani ya kopo huweza kupata moto mkali na kufuka moshi. Changanya kidogo kidogo, gramu 200 au 300 kwa wakati mmoja.

Kubandika

Kitambaa cha faiba cha gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa takriban milimita 1 kwa kila tabaka, na mita moja ya mraba hunywa resini ya takriban kilo moja. Faiba ya milimita 5 basi inahitaji tabaka tano. Kata vipande vya ukubwa tofauti, anza na kikubwa kinachofunika mteremko wote, kisha vidogo vifuate. Funika tundu kwa nyuma kwa kadibodi iliyovikwa plastiki ili kitambaa kisizame.

Paka resini kwanza, laza kitambaa, kisha kandamiza kwa brashi au rola mpaka weupe uishe na mapovu ya hewa yatoke. Usibandike zaidi ya tabaka tatu au nne kwa mara moja, kwa sababu kiraka kinene hujipasha joto chenyewe kikaweza kupasuka.

Kama boti iliwahi kutengenezwa kwa epoksi, usiweke resini ya poliesta juu yake, kwani haishiki vizuri. Tumia epoksi tena.

Moto, gesi na macho

Hapa tunaomba kila msomaji awe makini. Baridi ikizidi, wengi hushawishika kufunga banda na kuweka jiko la makaa kando ya boti. Usifanye hivyo kamwe. Mvuke wa resini na asetoni hushika moto, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi kwenye jiko. Makaa nayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu aliye ndani ya chumba kilichofungwa kabla hajajua kuna hatari. Fanya kazi pahali pa wazi. Kama siku ni ya baridi mno, ahirisha.

Hadena ikiingia machoni huweza kupofusha. Vaa miwani, na uweke mtungi wa maji safi karibu. Ajali ikitokea, osha jicho mara moja kwa maji mengi kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitalini bila kuchelewa. Ukiuziwa resini pamoja na kichocheo cha kobalti, maji ya rangi ya zambarau, usikichanganye moja kwa moja na hadena, kwani hulipuka. Kobalti huchanganywa na resini kwanza hadi ienee, ndipo hadena hutiwa.

Maski ya vumbi haizuii mvuke. Ukihisi kizunguzungu au kichwa kuuma, ondoka upate hewa. Vitambaa vilivyoloweshwa resini na hadena huweza kuwaka vyenyewe, kwa hiyo vitie kwenye ndoo ya maji. Mabaki ya resini yaache yagande ndani ya kopo, kisha yapelekwe kunakokusanywa taka. Usiyachome wala kuyatupa ziwani, maji ambayo watu na mifugo hutumia.

Kabla ya kurudi majini

Acha kiraka kiive kwa angalau wiki moja, na wiki mbili kama usiku ni wa baridi kali. Kisha kijaribu. Piga msasa kidogo, ukipangusie kitambaa chenye asetoni. Kikinata, hakijaiva. Kipashe jua siku kadhaa na ujaribu tena. Kikiendelea kunata, kitoe na uanze upya. Ni hasara ya resini, lakini ni ndogo kuliko hasara nyingine.

Tia maji kiasi ndani ya boti ikiwa bado nchi kavu, uangalie kama yanavuja. Halafu ijaribu kwenye maji mafupi kando ya ufuo, bila abiria, kila mtu akiwa na jaketi la kuokoa maisha.

Mwisho, usiirudishe kazini kimyakimya. Boti ya uvuvi lazima iwe imesajiliwa, na boti za abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Safari za Majini ya Kenya. Waarifu viongozi wa BMU wa ufuo wako na afisa wa uvuvi kwamba boti imetengenezwa, waonyeshe mahali palipotengenezwa na uulize kama inahitaji kukaguliwa upya. Jicho la pili huweza kuona kilichokupita, na ni heri kionekane ufuoni.