Sinema Mbaya ya Vita Ni Ipi?

Wenzangu wengi hudhani kwamba sinema ya vita ni mbaya kama haina milipuko ya kutosha. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo mpaka nilipofika kidato cha pili. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini niliyaacha, na kuonyesha kwa mifano mambo yanayoifanya sinema ya vita kuwa mbaya. Baadhi ya mifano yangu ni sinema zilizotungwa juu ya nchi yetu wenyewe, ambazo nadhani wengi wetu hatujapata kuziona.

Kwetu ni Tandika, katika wilaya ya Temeke. Karibu na nyumbani pana banda la mabati la kuonyeshea sinema. Mabanda kama hayo watu huyaita banda umiza, na ukikaa saa mbili juu ya mabenchi yake utaijua maana ya jina hilo. Siku za likizo nilikuwa nikilipa shilingi 300, naingia na wenzangu kutazama sinema za vita. Mfasiri huzungumza kwa Kiswahili juu ya picha, na mara nyingi hutia na maneno yake mwenyewe. Sisi tulikuwa na mchezo wetu wa kuhesabu maiti. Aliyetaja hesabu kubwa kuliko wengine ndiye aliyeshinda.

Basi siku moja Babu alikuja kunitafuta, akasimama mlangoni. Wakati huohuo kijana mmoja katika sinema alipigwa risasi akaanguka kutoka juu ya mnara, na mfasiri akasema, "Huyo kashuka bila kulipa nauli!" Banda zima tulicheka, na nadhani mimi nilicheka kuliko wote. Nilipogeuka nilimwona Babu. Hakucheka, wala hakunigombeza. Tulipokuwa njiani aliniuliza maswali matatu tu.

"Mjukuu wangu, yule bwana mwenye bunduki, risasi zake nani anambebea?"

Nikasema, "Sijui, Babu."

"Naye hula saa ngapi?"

"Sikumwona akila."

"Na yule kijana aliyeanguka, alikuwa mtoto wa nani?"

Hapo nilinyamaza. Babu yangu alikuwa askari katika Vita vya Kagera. Tangu siku ile nimeyafanya maswali yake kuwa kipimo, na kila sinema ya vita ninayoiona naipima kwa hayo.

Tuanze na swali la kwanza, la risasi. Bunduki ya AK-47, ambayo huonekana sana katika sinema hizi, ina kikasha kinachochukua risasi 30. Ukishikilia kifyatulio bila kuachia, hutoa risasi kwa mwendo wa 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde moja. Kwa hiyo kikasha kizima kinakwisha kwa sekunde tatu. Vikasha kumi vilivyojaa vina uzito wa zaidi ya kilo 8, navyo vyote vitampa mtu nusu dakika tu ya kupiga mfululizo. Sasa mkumbuke sinema ya Commando ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger peke yake anashinda kikosi kizima kisiwani. Mtu anayejua hesabu hizi hawezi kuitazama bila kujiuliza ghala la risasi limefichwa wapi.

Huenda mtu akasema kuwa hili ni jambo dogo. Kwa sinema ya mchezo tu, labda ni dogo. Lakini katika vita vya kweli kila kitu kinachopigwa, kinacholiwa na kinachovaliwa kimebebwa na mtu, na katika nchi yetu watu waliobeba walikuwa wengi kuliko waliopigana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza peke yao walichukua zaidi ya Waafrika milioni moja kuwa wapagazi katika Afrika ya Mashariki. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Wakazi wa Dar es Salaam tunawataja kila siku bila kujua, maana jina la Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi.

Mwalimu wetu wa Historia alituonyesha sinema mbili zinazohusu vita hivyo. Ya kwanza ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Mwanzoni askari wa Kijerumani wanachoma moto kijiji cha Waafrika na kuwaswaga wanakijiji. Kisha Mwingereza mmoja, dada yake mhubiri, na mwenye mashua mmoja wanashuka mtoni kwenda kuzamisha meli ya Wajerumani. Sinema ni ya kuchekesha, na waigizaji wake ni hodari. Humphrey Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa ajili yake. Lakini wale wanakijiji wamekwenda wapi? Hatuambiwi, wala hakuna anayeuliza. Kijiji kimechomwa ili safari ya wazungu wawili ipate kuanza, basi.

Tena fikirini juu ya ile meli. Meli ya kweli inayofanana na ile ya hadithi iliitwa Graf von Götzen, nayo ndiyo baadaye ikaitwa Liemba na kufanya kazi katika Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalikuja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli, na sehemu ambayo reli ilikuwa haijafika yakabebwa na wapagazi mpaka Kigoma. Meli nzima ilipita mabegani mwa watu! Mimi ningefurahi kuona sinema ya safari hiyo kuliko ile ya mashua.

Sinema ya pili ni Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith. Hii inafuata kwa mbali habari ya manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya mto Rufiji. Waafrika wamo kwa makundi, lakini inapofika kazi ya kutega bomu ndani ya meli, hapewi hata mmoja wao. Roger Moore, Mwingereza, anapakwa rangi nyeusi aingie badala yao. Katika kweli, Königsberg ilipigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Kisha mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam na kutumiwa katika vita vya nchi kavu, ikivutwa porini na mamia ya watu. Mimi simlaumu mtunzi kwa kubuni, maana kubuni ndiyo kazi yake. Namlaumu kwa kuwa waliovuta amewageuza kuwa miti ya mandhari.

Swali la pili, la chakula, nitalipita upesi. Sinema mbaya haina njaa, haina matope, haina kungoja. Asubuhi shujaa anaamka amenyoa ndevu, jioni vita vimekwisha. Babu husema kwamba kutoka Kagera kwenda Kampala walipigana siku chache, na siku nyingi walitembea. Jeshi la Idi Amin liliingia nchini mwetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na adui, hivyo ilibidi kuunga daraja la muda ili kuvuka mto. Halafu zikaja mvua. Babu anazikumbuka mvua kuliko mizinga.

Swali la tatu ndilo kubwa, nalo sikulielewa mpaka Babu aliponisimulia habari za rafiki yake. Walitoka pamoja Temeke. Rafiki huyo hakufa kwa risasi. Lori lao liliteleza katika matope karibu na Masaka, likapinduka. Babu aliporudi Dar es Salaam alikwenda Mbagala kumpelekea mama yake marehemu shati moja na redio ndogo. Mama yule alikwisha kupata habari. Aliyapokea yale mambo mawili, akakaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa akila vizuri?" Babu akajibu kuwa ndiyo. Aliniambia kwamba hakusema kweli, na kwamba hata leo hajui kama alifanya vyema.

Ndipo nilipofahamu kwa nini aliniuliza habari za chakula, na nikaona haya kwa kile kicheko changu. Nilikuwa nimehesabu maiti mia nyingi katika lile banda, wala sikuwahi kumwona hata mama mmoja akiletewa shati. Nadhani huu ndio ubaya hasa wa sinema ya vita: inatufundisha kumwona mtu akifa bila kujua kwamba alikuwa na wenyewe. Adui naye ana wenyewe. Babu alipigana na askari wa Amin, nao waliua raia wetu na kupora ng'ombe, wala hawaonei huruma kwa hayo; lakini hata wao hajapata kuwacheka.

Wako watakaosema kuwa sinema ni ya kupumzisha akili, na kwamba nikitia majonzi yote haya hakuna atakayelipa kiingilio. Jibu langu ni sinema ya Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, iliyotengenezwa na Ousmane Sembène pamoja na Thierno Faty Sow wa Senegal. Askari Waafrika waliopigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili wamerudi, wamo kambini karibu na Dakar, wanadai malipo yao. Hakuna mapigano makubwa karibu mpaka mwisho, wakati jeshi la Kifaransa linapowapiga wao wenyewe, kama ilivyotokea kweli tarehe 1 Desemba 1944. Tulipoionyeshwa, wavulana wa kidato cha tatu ambao hupenda kupiga kelele walikaa kimya. Hakuna aliyehesabu maiti, maana kila aliyeanguka tulikwisha kumjua alivyo, anavyoongea na anavyokula.

Babu amezeeka sasa, na wenzake wa vita wanazidi kupungua. Nimeanza kuandika masimulizi yake katika daftari wakati wa likizo. Kama miongoni mwenu yuko atakayekuwa mtengeneza sinema siku moja, na ataka habari za Kagera, basi awaendee wazee hao mapema, na asisahau kuuliza walikula nini.

Kwa kuwa kamati yetu ya burudani huchagua sinema za Jumamosi, naiomba isitupe tena sinema za vita kwa wingi wa milipuko yake tu. Na sisi watazamaji tuwe na desturi ya kuuliza maswali matatu: nani amebeba, wamekula nini, na huyu aliyekufa ni wa nani. Sinema isiyoweza kujibu hata moja, itazameni mkipenda, lakini msidhani mmeona vita.