Herufi za Kampuni na Ritifaa ya Ng'ombe

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu akifika Garsen hulakiwa na kuta zinazosema naye kwa rangi kabla hajasoma neno: hapa kijani cha kampuni moja ya simu, pale wekundu wa nyingine. Hiyo ya pili ina kisa chake. Mwaka 2000 ilianza kwa jina la Kencell, 2004 ikawa Celtel, 2008 ikaitwa Zain, na 2010 ikawa Airtel. Majina manne katika miaka kumi! Na kila jina lilikuja na sura yake ya herufi.

Sura hiyo haiokotwi. Kampuni kubwa siku hizi huagiza herufi zao wenyewe, kama mtu ashonewaye kanzu kwa kipimo chake badala ya kununua iliyotundikwa dukani. Desturi yenyewe ni kongwe: reli ya chini ya ardhi ya London ilianza kutumia herufi za Edward Johnston mwaka 1916. Nokia, ambayo simu zake zilienea mno kwetu, ilibadili herufi zake mwaka 2011, na IBM ikatoa zake, Plex, mwaka 2017. Hutaka kutambulika hata jina lao likifichwa. Tena hukwepa ada ya kutumia herufi zenye mwenyewe mwingine.

Sina ugomvi na biashara hiyo. Ninalouliza ni hili: mchoraji aliyeko Ulaya anapopima nafasi baina ya herufi na herufi, hupima kwa maneno ya lugha gani?

Tuchukue ritifaa, kialama ambacho wengi hukidhani pambo. Katika Kiswahili hutenga sauti na sauti. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni shauku, au wivu. Garsen ni nchi ya ng'ombe, na mwenye shamba kando ya Tana hana budi kutaja ng'ambo ya mto. Lakini kwenye mabango mara nyingi ritifaa huachwa kabisa, au huwekewa pengo kubwa hata neno likaonekana mawili. Wanaozungumza Kiorma wana haki ya kulalamika zaidi. Lugha yao ni ndugu wa Kioromo, ambacho kilipochukua rasmi herufi za Kilatini nchini Ethiopia mwaka 1991 kilitumia ritifaa hiyo hiyo kuonyesha kipasuo cha glota: mbuzi huandikwa re'ee. Alama moja, kazi mbili, soko moja.

Zamani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1855 Karl Richard Lepsius wa Berlin alitangaza alfabeti ya lugha ambazo hazikuwa na maandishi, na herufi zake zenye nukta na vistari zikachongwa kwa chuma ili zichapwe. Wamisionari wa Neukirchen walifika Ngao, karibu na Garsen, mwaka 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akaandika sarufi ya Kipokomo. Walikuwa na makusudi yao, hilo twalijua. Hata hivyo, sauti ya msemaji ilitangulia, herufi ikaifuata. Leo inayotangulia ni nembo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kutafuta makosa madogo. Mwalimu wa darasa la pili hatasema hivyo. Mtoto asiye na kitabu nyumbani husoma ukutani, na alichokiona kimeandikwa kwa rangi nzuri hukiamini kuliko chaki ya mwalimu wake. Ukimsahihishia "ngombe" atakuonyesha duka.

Basi kampuni itakayobadili nembo yake tena, na haitakawia, kabla ya kumlipa mchoraji imwombe aandike maneno manne kwa herufi kubwa na ndogo: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, re'ee. Iyabandike ukutani sokoni Garsen, mwambaji wa ng'ambo ya barabara ayasome.