Kabla ya Kulipia Chumba Lamu, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Mtu wa Molo ana kila sababu ya kuitamani Pwani. Mji wetu umekaa karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na koti hapa ni vazi la mwaka mzima. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari iliyokuwa ya wenye pesa au wenye jamaa huko imekuwa pia ya walimu, wauza viazi na vyama vya akina mama. Wengi hufikia Nyali au Diani. Wachache husogea hadi Lamu, na hao ndio ninaotaka kuzungumza nao. Kisiwani, swali la mahali pa kulala lina uzito ambao bara halina.

Ukishashuka kwenye boti itokayo Mokowe, au ile inayowavusha abiria wa ndege kutoka Manda, una njia mbili. Ya kwanza ni mji wa kale, kuanzia Mkomani hadi Langoni, uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001: nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, vichochoro visivyopitisha gari, punda wa mizigo, adhana ya alfajiri. Ya pili ni Shela, kama kilomita tatu kutoka mjini, yenye ufuo wa kilomita 12 na nyumba za kifahari ambazo nyingi ni mali ya wageni. Anayetaka kuogelea na kupumzika huambiwa aende Shela. Ushauri huo una haki yake, lakini mtoaji hutazama mbele tu, baharini, wala hageuki kuona kilicho nyuma ya nyumba.

Nyuma yake kuna vilima vya mchanga, na vilima hivyo ndivyo tangi la maji la kisiwa. Lamu haina mto. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Basi kiwango cha juu kikishuka kidogo tu kwa kuvutwa na pampu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kasi kubwa kuliko mtu anavyodhani. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka.

Wajenzi wa zamani wa Lamu waliishi na jambo hili. Nyumba ilikuwa na kisima chake na birika la kuhifadhia maji, na birikani wakaweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Leo mji umefurika watu, vyoo vya shimo vimesogeleana na visima vifupi, na maji ya kutegemewa ni yale ya visima vya Shela. Ndiyo maana vilima vile vilitangazwa rasmi kuwa eneo la kulindwa. Hata hivyo ujenzi umekuwa ukivimega, kwa sababu kiwanja chenye mandhari ya bahari kina thamani kubwa mno.

Sisi tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mto Molo huanzia katika msitu wa Mau, ukatiririka kaskazini hadi Ziwa Baringo. Tumeona kwa macho yetu msitu ukikatwa na kugawanywa vipande, na tumesikia kilio cha walio chini ya mto. Mtu aliyeishi na habari za Mau hawezi kufika Shela akajifanya hajui maana ya kujenga juu ya chanzo cha maji.

Tusidhani pia kwamba Lamu iko peke yake. Utafiti wa shirika la Uingereza, Tourism Concern, uliotolewa mwaka 2012, uliangalia vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani kisiwani Unguja, ukaona kwamba mgeni alitumia wastani wa maji mara 16 ya yale ya mwenyeji. Huko watalii huchagua kwa kuangalia kupwa na kujaa: Nungwi unaogelea karibu saa zote, ilhali Jambiani bahari hupwa mpaka karibu na mwamba na kuwaachia akina mama mashamba yao ya mwani. Ni kigezo cha maana, na ninakiheshimu. Ila maji ya bahari hayaishi; yanayoisha ni ya kisima.

Simwambii mtu asiende Shela. Kuna nyumba za wenyeji pale, ndogo na safi, ambazo hazimwagilii nyasi wala hazina bwawa la kuogelea, na fedha unazolipa hubaki kijijini. Naye anayelala mjini anakunywa maji ya visima vilevile. Kinachotofautisha ni kiasi anachotumia, na mahali nyumba yake ilipojengwa. Mpigie simu msimamizi kabla ya kutuma pesa. Muulize kama maji ni ya bomba, ya kisima chao, au ya mvua iliyokingwa. Muulize kama kuna bwawa, na kama nyumba imejengwa upande wa vilimani, ni lini. Msimamizi anayeijua kazi yake hatakasirika, na anayebabaika amekujibu.

Mimi ningechukua chumba cha juu katika nyumba ya zamani ya Mkomani, ambako upepo wa kaskazi wa Desemba huingia bila feni. Kuogelea ningekwenda Shela kwa miguu, nikifuata pwani maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa yakijaa sehemu ya njia hufunikwa. Jioni ningerudi kwa boti. Nauli hiyo humfikia nahodha mkononi, na mchanga wa vilimani unabaki na kazi yake ya kushika mvua.